Yasini Nne

Shaabani 25, Jumatatu. Kitale.

Jepkosgei wa kliniki amenipa daftari jipya kwa sababu la zamani limejaa. Masharti ni yale yale: tarehe, saa, dakika ngapi, na alikuwa anafanya nini. "Na siku ambayo hakuna kitu, andika hakuna kitu," amesema. "Usiniletee kurasa tupu kama mwaka jana." Mwanamke huyo ana mdomo, lakini ndiye peke yake pale kliniki ambaye dada yangu hamwogopi, kwa hivyo namvumilia.

Leo hakuna kitu. Fardosa ameolewa juzi, jana wakamchukua Bungoma. Nimemlea tangu mama afariki, akiwa na miaka tisa. Kifafa kilimwanza akiwa na kumi na mbili, na tangu siku hiyo mimi ndiye wa kumkimbilia akianguka. Leo nimekaa kwenye cherehani nimetega masikio, nasubiri kishindo ambacho hakiwezi kusikika kutoka Bungoma. Ujinga mtupu.

Salman ni kijana mzuri. Anauza spea za pikipiki, hana maneno mengi, na anampenda, hilo nimeliona mwenyewe. Ila hajui. Mama yake hajui. Shangazi Zamzam, aliyeleta posa, alinikalisha chini akaniambia: "Hiyo si habari ya kupeleka kwa watu. Ukifungua mdomo, mtoto ataozea hapa." Fardosa alitaka kusema. Siku ya hina alinishika mkono kwa vidole vyenye hina mbichi: "Dada, wacha nimwambie mwenyewe." Nikamwambia baada ya Idd. Wakishamzoea, wakishaonja mapishi yake, wataisikia vingine.

Shaabani 28, Alhamisi.

Hakuna kitu. Tumepanga dawa kwa simu. Vidonge ni vitatu: asubuhi, mchana, jioni. Hapa kwetu hafungi, na sheikh wetu alisema wazi kwamba mgonjwa halazimishwi, tulishe maskini yaishe. Lakini bibi harusi, Ramadhani ya kwanza kwa mama mkwe, ale mchana kwa sababu gani? Siku zake za mwezi zitampa sita. Na zile nyingine?

Nimempangia hivi: kimoja daku, viwili pamoja akifuturu. Hesabu ni ile ile. Mimi napima vitambaa vya watu mwaka wa ishirini sasa, sitashindwa na vidonge.

Ramadhani 1, Jumapili.

Hakuna kitu. Kiu tu, na vumbi la matrekta yanayolima huko mashambani.

Ramadhani 2.

Hakuna kitu.

Ramadhani 3, Jumanne.

Mara moja. Saa: kabla ya adhuhuri. Dakika: hajui. Alikuwa peke yake chumbani anakunja nguo, akajikuta sakafuni na ulimi umeng'atwa. Ameosha leso mwenyewe kabla mtu hajaingia. Jepkosgei atauliza dakika. Mtu aliyeanguka peke yake atajihesabiaje dakika?

Ramadhani 5, Alhamisi.

Ameingia siku zake. Anakula chumbani kwa kujificha, viazi baridi vya jana, na kidonge cha mchana juu yake. Hakuna kitu.

Ramadhani 6. Hakuna kitu.

Ramadhani 7. Hakuna kitu. Wateja wa nguo za Idd wameanza kunililia, kila mmoja anataka ya kwake ndiyo iwe ya kwanza.

Ramadhani 8. Hakuna kitu.

Ramadhani 10, Jumanne.

Hakuna kitu, jana na leo. Ila mama mkwe wake, Mama Muhdhar, amemuuliza mbele ya mawifi: "Leo ni ya sita, mwanangu. Bado?" Mtu mzima, mwenye akili zake, anahesabu siku za mkaza mwanawe! Fardosa kesho anafunga. Nilijua tangu siku ya posa yule mama ana macho ya askari.

Ramadhani 12, Alhamisi.

Mara moja. Alfajiri. Dakika: hajui.

Ramadhani 14, Jumamosi.

Mara mbili siku moja. Hii haijatokea tangu awe shule ya msingi. Aliniambia kwa sauti ya chini, yuko bafuni amefungulia mfereji wa maji wasimsikie. Kesho naenda Bungoma, nguo za watu zisubiri.

Ramadhani 15, Jumapili.

Nimerudi sasa hivi, naandika kabla sijavua viatu.

Nilimpelekea Salman kanzu ya Idd niliyomshonea, nikabadilisha gari Webuye, nikafika kabla ya adhuhuri. Mama Muhdhar alinipokea vizuri. "Sabiha, mbona umekonda hivyo? Ama Kitale hakuna daku?" Nikacheka cha meno. Nikaomba kuongea na dada yangu chumbani.

Fardosa macho yamemwingia ndani. "Dada, vile viwili vya jioni vinaniangusha," akasema. "Nalala kama gogo. Wananiamsha daku naitikia, halafu nalala tena. Nikiamka kabisa, adhana imeshalia."

"Na kidonge cha daku?"

"Si kinapita pia."

"Na unafunga hivyo hivyo?"

"Sasa ningewaambia nini, dada? Si wewe ulisema baada ya Idd?"

Nilifungua mdomo nimjibu na yeye akakatika hapo hapo. Macho yakapanda, mwili ukakaza, akaanza. Nilimlaza ubavu, nikakunja mtandio wangu chini ya kichwa, nikatazama saa ya simu. Dakika moja. Mbili. Yeye siku zote huacha kwenye mbili. Tatu. Kisigino chake kilikuwa kinagonga mbao za kitanda, ko, ko, ko, nyumba nzima.

"Sabiha?" Mama Muhdhar, mlangoni. "Ni nini kinagonga? Mbona mmefunga?"

"Si kitu, mama, nimeangusha sanduku!" Nikasukuma mto chini ya kisigino kwa mguu wangu. Nne. Nilikuwa nalia bila sauti na jasho linanitoka, na kitasa cha mlango kinazungushwa. Kwenye nne na nusu kikamwachia. Akavuta pumzi ile ya kukoroma, ndiyo nikajua amerudi.

"Fardosa tumbo linamsumbua kidogo," nikasema kupitia mlango.

Kitasa kikaachiwa. Halafu yule mama akasema, pole pole kabisa: "Akiumwa avunje saumu, mtoto wa watu. Mungu si mkali hivyo. Nimletee uji?"

Na mimi nikajibu: "Hapana mama, ataweza."

Ramadhani 16. Hakuna kitu. Mvua ya kwanza. Kila mwenye shamba anakimbilia mbegu.

Ramadhani 18, Jumatano.

Kliniki. Jepkosgei alisoma daftari huku anafuata mistari kwa kalamu.

"Hapa, kuanzia tano hadi kumi, hakuna kitu. Alikuwa anakula?"

"Alikuwa kwenye siku zake."

"Na kidonge cha mchana anakimeza. Siku nyingine zote hakimezi." Akaniangalia. "Sabiha, kuandika unajua. Hiki unachoandika, huwa unakisoma?"

Akagonga ile nne na nusu. "Unajua tano ni nini? Dakika tano ndipo sisi tunaacha kungoja. Kikipita hapo, mara nyingi hakikatiki chenyewe, na kadiri unavyokiacha ndivyo kinavyokataa hata sindano."

Nikamuuliza kama inatokea sana.

"Wenye kifafa wengi hawaoni siku hiyo maisha yao yote. Lakini aliyekatiza dawa, huyo ndiye tunayemngojea hapa. Mwaka huu mimi sijamaliza mwezi bila kumpokea mmoja, kliniki ndogo kama hii. Na hao ndio waliofika, bana. Wasiofika hawako kwenye daftari la mtu yeyote." Akanisukumia simu yangu mwenyewe. "Mpigie mume wake. Sasa, nikikuona."

Nilitafuta jina la Salman. Nikaliona. Nikasema mtandao unasumbua. Nimefunga, nimekaa mbele ya mtu wa hospitali, nikadanganya mchana kweupe.

Jioni nimempigia Fardosa: kesho meza kidonge cha mchana, ingia bafuni, meza, toka, nani atajua? Akajibu: "Mama mkwe namdanganya tayari, dada. Sasa na Mungu pia? Zimebaki kumi na moja. Nitavumilia." Nilimfokea. Akaniambia usiku mwema, kwa adabu, kama mgeni.

Ramadhani 19. Hakuna kitu.

Ramadhani 20. Hakuna kitu. Nashona, nafumua, nashona tena. Leo nimeweka mkono wa kushoto kulia.

Ramadhani 21, Jumamosi.

Mara moja. Dakika: hajui. Anasema mwili wote unamuuma kama amelima.

Ramadhani 22, Jumapili.

Hakuna kitu. Amepitwa na daku tena. Nimemwambia Idd ni wiki moja tu.

Ramadhani 24, Jumanne. Bungoma.

Jana sikuandika. Naandika leo kwenye benchi la hospitali, na nitaandika yote.

Jana nilimpigia saa tisa na nusu kama kawaida. Hakushika. Kumi kasoro robo, hakushika. Kitale mvua ilikuwa inapiga mabati, nikasema na kwao ni hivyo hivyo, hasikii, yuko jikoni. Nikarudi kwenye kanzu ya mteja mmoja wa Kibomet, nikamaliza kola. Nilimaliza kola! Namba ya Mama Muhdhar ninayo. Sikuwahi kuipiga hata mara moja, kwa sababu nikimpigia lazima niseme napigia nini.

Saa kumi na dakika ishirini nikapiga.

Alishika haraka. Nyuma yake nilisikia kisomo, sauti ya mwanamume, na wanawake wanaitikia amina.

"Sabiha, usishtuke," akasema. "Fardosa ameshikwa. Nimemwita ustadh, anasomewa, inapungua."

"Ameshikwa saa ngapi?"

"Tukimenya viazi vya futari. Alasiri ilikuwa haijaadhiniwa."

"Imeacha?"

"Inapungua, inarudi. Ni maruhani, binti yangu, yanataka subira."

Nilikuwa nimesimama na ile kanzu begani. Miaka kumi na minne sijawahi kulitamka neno hilo mbele ya mtu asiye daktari. Nikalisema kwa kupiga kelele mpaka jirani akatoka nje kwenye mvua: "Mama, ni kifafa! Ana kifafa tangu mtoto! Mbebeni hospitali, mbebeni sasa hivi, wacheni kusoma!"

Nilimsikia tu akiita: "Salman! Mtafuteni Salman, leteni gari!"

Nilifika baada ya magharibi, sijafuturu. Mlinzi wa getini, mzee Mukhwana, alinitazama akasema, "Ni wewe wa yule msichana ariretwa na wamama wa buibui? Pita, mama, pita tu." Alivyonipisha bila maswali, nikajua ni mbaya.

Walikuwa wamempiga sindano ya kwanza, ikakataa. Ya pili, ikakataa. Ikabidi wamlaze kabisa kwa dawa, wamtie mpira kooni, mashine impumulie. Daktari Rotich, kijana mwembamba, alitoka na karatasi akatuuliza sote tuliokuwa pale: "Nani alimwona kikianza?"

"Mimi," akasema Mama Muhdhar. Kidole chake cha shahada kilikuwa kimefungwa bandeji imelowa damu. Alikitia mdomoni mwa Fardosa asijing'ate ulimi.

"Kilichukua muda gani mpaka mkaondoka nyumbani?"

"Yasini nne."

Daktari akainua macho. "Samahani, mama?"

Ustadh alikuwa ukutani, kanzu imemgandia mwilini kwa mvua. "Yasini moja kwa mwendo wangu ni robo saa, daktari," akasema. "Ya nne niliikimbiza." Na mtu mzima yule akaanza kulia, akageukia ukuta.

Rotich aliandika saa moja, akaweka alama ya kuuliza. Kisha akaongeza dakika za njiani.

Hakuna aliyefanya ubaya pale. Nimelifikiria hili tangu jana na sipati wa kumlaumu. Walimshika, walimsomea, walimlilia, mmoja akatoa kidole chake. Walifanya kila walichojua. Kile wasichokijua kilikuwa kwangu, kimeandikwa kwa kalamu ya bluu, ukurasa baada ya ukurasa, na nilikifungia kabatini Kitale.

Ramadhani 25, Jumatano.

Bado. Wamejaribu kupunguza dawa ya kumlaza, uso ukaanza kucheza, wamerudisha.

Ramadhani 26, Alhamisi.

Bado. Nilimkamata Rotich kwenye korido nikamwambia aniambie ukweli, mimi si mtoto.

"Wapo wanaotoka hapa wakitembea," akasema. "Wapo wanaotoka wamepunguka kitu, mkono, maneno, kumbukumbu. Na wapo wasiotoka. Mara nyingi saa ile ya kwanza ndiyo inayogawa, na hiyo saa sisi kwa kawaida hatuioni. Inaishia nyumbani kwa watu."

"Na wangu?"

"Wako mwombee dua."

Salman hajaniambia neno tangu Jumatatu. Anakaa upande ule wa benchi, mimi upande huu. Ningependa anitukane.

Mama yake ndiye aliyesema. Alikuja akakaa karibu nami kabisa, magoti yakagusana.

"Sabiha. Siku ile mlango umefungwa. Nilikuambia avunje saumu."

"Ndiyo, mama."

"Ukakataa."

"Ndiyo, mama."

"Nikasema labda ni zile siku zake zimempunguza damu, wanaona aibu, wacha nisiwasumbue. Nikawa namwekea maini kwenye sahani yake." Akainua kile kidole kilichofungwa. "Ungeniambia, ningemlisha mchana kwa mkono huu. Ningemlisha mbele ya mtaa mzima!"

Miezi miwili mwanamke huyu nimemwita askari.

Ramadhani 27, Ijumaa.

Wametoa mpira. Amefungua macho. Ameangalia taa, akaniangalia mimi, akaangalia taa. Uso wake haukuonyesha kama mimi na taa tuna tofauti.

Shangazi Zamzam amepiga kutoka Kitale: "Wamesema watamrudisha?" Nikamwambia, shangazi, kata hiyo simu kabla sijakuvunjia heshima. Akakata.

Ramadhani 28, Jumamosi.

Ameongea. Alitaka maji, akasema "ile, ile," akanyoosha mkono wa kushoto kwa sababu wa kulia haushiki. Jina la Salman amelipata baada ya kulitafuta sana. La kwangu bado. Rotich anasema tusikimbie kufurahi wala kulia, baadhi ya vitu hurudi kwa miezi, vingine havirudi, na kikija kingine kirefu kama hiki hawezi kuahidi chochote.

Salman alimuuliza, "Daktari, vidonge ni saa ngapi na saa ngapi?" Akaweka kengele tatu kwenye simu yake. Kisha, bila kunitazama: "Shemeji, mimi ningemuoa tu. Ungeniambia, ningemuoa tu."

Nilitoka nje nikakaa kwenye ukuta wa maua mpaka futari.

Ramadhani 29, Jumapili. Mwezi umeonekana.

Hakuna kitu. Naandika kwa sababu ndiyo masharti.

Idd, Jumatatu.

Mama Muhdhar alinilazimisha niende kuswali, yeye akabaki wodini. Nilikaa nyuma upande wa wanawake. Baada ya swala, mikono ya Idd ikaanza, na mwanamke mmoja nisiyemjua akaniuliza mgonjwa anaendeleaje, ile malaria ya mke wa Salman. Kumbe ndivyo mtaa unavyosema. Pengine mawifi walitaka kutusitiri.

Nikasema, "Si malaria. Dada yangu ana kifafa. Mimi nilificha, akakatiza dawa, kikamshika saa nzima na zaidi." Sikupunguza sauti. Wale waliokuwa karibu wakaacha kukumbatiana.

Nilidhani watanikimbia. Mmoja akakunja mkeka wake taratibu mpaka wengine wakapita, akaniinamia: mwanawe wa shule ya upili, dawa anampa ndani ya chapati, baba mtoto hajui. Akaja mwingine, na kwake mgonjwa ni mume wake. Akaja wa tatu, msichana mdogo wa juzi tu, hina bado mkononi, akaniuliza vidonge vya mchana vinauzwa wapi bila kuandikisha jina. Watatu, msikiti mmoja, asubuhi moja. Niliwaambia dakika tano. Niliwaambia wasingoje, wasitie kitu mdomoni, wamwambie kila anayekaa naye nyumba moja. Nilikuwa nasema kama mtu anayefukuzwa.

Wa mwisho alikuwa mama wa makamo, alisubiri hadi tumebaki wawili. Hakukaa.

"Wangu alianza adhuhuri, tukianika mahindi," akasema. "Jua lilipotua alikuwa bado. Alikuwa na miaka kumi na tisa. Sisi pia tulisema malaria."

Nikamshika mkono. Nilitaka kumwambia pole, nilitaka kumuuliza jina la mwanawe, nilikuwa na mambo mengi ya kumuuliza. Akautoa mkono wake.

"Wa kwako yu hai?"

"Yu hai, mama."

"Sasa hapa unafanya nini?"

Nikaenda kutafuta viatu vyangu.